Mauser ya 1871 na Mauser ya 1898: Uchambuzi wa Bunduki Zilizopita Ugogo

Wanaosimulia vita vya Wajerumani na Waingereza katika nchi yetu, vita vilivyofika hapa Dodoma tarehe 29 Julai 1916, siku majeshi ya Jenerali van Deventer wa upande wa Waingereza yaliposhuka kutoka Kondoa na kuikamata reli, aghalabu huitaja Mauser kana kwamba ni bunduki moja, ilhali jina hilo lilikusanya silaha zilizoachana kwa miaka 27, na askari wa makampuni mawili ya jeshi lile lile la Wajerumani, Schutztruppe, waliweza kusimama bega kwa bega wakiwa wameshika vyombo visivyofanana kwa kasiba, kwa baruti, wala kwa risasi. Bastola za maofisa naziacha kando makusudi, maana hazikuamua jambo lolote la maana katika vita vile. Lililoamua lilikuwa begani mwa askari na kichwani mwa mpagazi.

Bunduki ya 1871, waliyoibuni ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser wa mji wa Oberndorf, ndiyo iliyokuja na askari wa Wissmann, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1889, mwaka ambao boma la Mpwapwa lilijengwa. Mbele ya gobori linaloshindiliwa baruti mdomoni, ilikuwa silaha ya kutisha: kiasi kizima, risasi na baruti yake vikiwa vimefungwa katika ganda la shaba, kiliingizwa kwa nyuma, na komeo likafunga. Lakini ilichukua kiasi kimoja tu kwa wakati mmoja, na mafundi wake hawakuipa kitu cha kulirusha ganda tupu nje. Askari alipokwisha kupiga, alinyanyua mkono wa komeo, akalivuta nyuma, ganda likatoka katika kasiba likabaki limelala pale pale. Ndipo alipolazimika kuinamisha bunduki ubavu ili lianguke chini, kisha apeleke mkono kwenye mkoba, atoe kiasi kingine, akiweke, afunge. Mtu aliyezoea aliyafanya hayo upesi, wala sidhani kwamba upungufu wa kasi peke yake ungeiangamiza bunduki hii.

Ila yake kubwa ilikuwa moshi. Baruti yake ilikuwa ile nyeusi ya kale, na kila mlio uliacha wingu jeupe mbele ya mpigaji, likimficha adui machoni pake na wakati huo huo likimwonyesha adui mahali hasa alipojificha. Katika vita vya kuviziana, ambavyo ndivyo vita vya vichaka vya Itigi na mbuga za migunga, maficho ni nusu ya silaha. Na mtu aliyelala nyuma ya kichuguu, asiyeonekana na yeyote, alijitangaza mwenyewe kwa risasi yake ya kwanza. Askari wa Wajerumani walipopigana na watu wenye mikuki na magobori, ila hiyo haikuwadhuru sana. Mwaka 1914, walipokabiliwa na adui mwenye bunduki ya Lee-Enfield yenye risasi kumi na baruti isiyo na moshi, ilikuwa msiba.

Kati ya modeli hii na ile ya 1898 zilikuwapo nyingine ambazo sitakawia kwazo. Ile ya 1871/84 ilitiwa bomba la viasi vinane chini ya kasiba, ikawa nzito mbele, na uzito wake ukabadilika kila risasi ilipotoka. Na ile ya 1888, ingawa watu huihesabu katika ukoo huu, ilibuniwa na tume ya jeshi wala si na Mauser, na kisanduku chake cha risasi kilikuwa na tundu wazi chini, mlango mzuri wa kuingizia vumbi. Anayelijua vumbi la Ugogo mwezi wa Septemba hahitaji maelezo zaidi.

Modeli ya 1898 ndiyo iliyomaliza kazi. Paul Mauser, aliyefariki tarehe 29 Mei 1914, miezi michache tu kabla ya silaha yake kuingia katika mtihani mkubwa kupita yote, alikificha kisanduku cha viasi vitano ndani ya mti wa bunduki, kikafungwa pande zote. Akaongeza jino la tatu katika komeo ili mengine yakivunjika limwokoe mpigaji. Akatoboa matundu ya kuipitishia hewa ya moto pembeni, ganda likipasuka, isimrudie usoni. Risasi ya modeli ya 1871 ilikuwa na uzito wa gramu 25 na mwendo wa mita 440 hivi kwa sekunde. Ile yenye ncha ya modeli ya 1898 ilikuwa gramu 10 tu, lakini ilitoka kwa mwendo wa mita 880 hivi. Risasi iendayo hivyo hunyooka, na asiyejua kukadiria masafa vizuri husamehewa kosa lake.

Lakini hesabu inayonishughulisha mimi zaidi ni ya mzigo, kwa kuwa huku bara, mbali na reli, hapakuwa na farasi aliyeishi mbele ya ndorobo, na kila kiasi kilifika vitani kwa kichwa cha mtu. Kiasi kimoja cha modeli ya 1871 kilikuwa na uzito wa gramu 43 hivi, na cha modeli ya 1898 gramu 24 hivi. Mpagazi aliyetwishwa kilo 25 alibeba viasi visivyofika 600 vya bunduki kongwe, au zaidi ya 1,000 vya bunduki mpya. Maana yake ni kwamba kampuni iliyopewa silaha ya zamani ilihitaji karibu wapagazi wawili mahali ambapo jirani yake alihitaji mmoja, na kila mpagazi alihitaji chakula, na chakula kilitoka katika maghala ya wenyeji. Ugogo ulichukuliwa watu wake, nafaka yake na ng'ombe wake na majeshi ya pande zote mbili, na baada ya hapo ikaja njaa iliyoitwa Mtunya. Sisemi kwamba bunduki ya 1871 ndiyo iliyoleta njaa. Ukame ulikuwapo, na ukatili ulikuwapo. Nasema kwamba uzito wa shaba na risasi yake uliingia katika hesabu hiyo, na wachambuzi wa silaha wanaopima kasiba na komeo pasipo kumpima aliyebeba wameacha nusu ya habari nje.

Basi kwa nini Wajerumani hawakuwapa askari wote ile iliyo bora? Vita vilipoanza ni baadhi tu ya makampuni yaliyokuwa yamekwisha kubadilishiwa, na bahari ikafungwa. Hapo ndipo ubora wa modeli ya 1898 ulipogeuka kuwa udhaifu, maana kiasi chake kilitoka Ujerumani peke yake. Meli ya Rubens iliyopenya mwezi wa Aprili 1915 hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ilipigwa na manowari ya Waingereza, Hyacinth. Shehena ikaopolewa majini, viasi vikafumuliwa na kukaushwa, na hata hivyo vingi vilikataa kulia askari alipofyatua. Kwa upande mwingine, ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 ulikuwa umewaachia bunduki 455 na risasi 600,000 za Waingereza, zote kavu, zote tayari. Kamanda yeyote mwenye akili angeliona somo hilo, na Lettow-Vorbeck, mkuu wa Schutztruppe, aliliona: bunduki njema kuliko zote ni ile ambayo adui anakuletea risasi zake.

Ndivyo alivyofanya. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma akawashinda Wareno pale Ngomano, akapata bunduki zao pamoja na risasi zaidi ya laki mbili, na zile kongwe za moshi zikatupwa. Bunduki hizo za Wareno, Mauser-Vergueiro za milimita 6.5, zilikuwa nazo za damu ya Oberndorf kwa upande mmoja, lakini kiasi chake hakikufaa kwa bunduki ya Mjerumani. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, jeshi hilo liliposalimu amri Abercorn, mji uitwao leo Mbala, bunduki zilizokabidhiwa zilikuwa 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Si modeli ya 1871, wala ya 1898.