Mgeni wa Siku ya Tatu: Tahakiki ya "The Cosmos Rocks"

Bendi ni nani? Ni mwimbaji anayesimama mbele, au ni jina lililoandikwa kwenye ngoma kubwa? Kwa sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, swali hili lina jibu la siku nyingi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ikageuka JUWATA, ikageuka OTTU, hatimaye ikawa Msondo Ngoma. Muhidin Maalim Gurumo aliihama mwaka 1978 kwenda Mlimani Park, mwaka 1985 akahamia Safari Sound, kisha akarudi nyumbani. TX Moshi William alifariki mwaka 2006, na Gurumo mwenyewe mwaka 2014. Watu walilia, lakini Msondo uliendelea kupigwa. Waimbaji walikuwa wapangaji tu. Nyumba yenyewe ni mtindo.

Nimeanza na Msondo kwa makusudi, kwa sababu kazi ninayoihakiki hapa ni ya Waingereza: "The Cosmos Rocks", albamu ya Queen + Paul Rodgers iliyotoka Septemba 2008. Hata hivyo Queen si wageni kabisa kwetu. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Alifariki kwa UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991. Wenzake wakatoa "Made in Heaven" mwaka 1995, wakitumia sauti aliyoiacha kwenye kanda. Mpiga besi, John Deacon, akajitoa mwaka 1997. Wakabaki wawili: Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa ngoma. Ndipo wakamwita Paul Rodgers, aliyewahi kuimba Free na Bad Company. Walizunguka naye majukwaani kuanzia mwaka 2005, halafu wakaingia studio. Matokeo yake ni albamu ya kwanza ya Queen baada ya miaka 13.

Wapo wanaoikataa kwa hoja moja tu, kwamba Rodgers si Freddie. Hoja hiyo mimi siikubali. Freddie alikuwa mwigizaji. Alibadili sauti kama mtambaji wa hadithi anavyobadili wahusika. Rodgers ana sauti ya blues, nzito, ya mtu aliyevuta kigoda akaanza kusimulia. Kumlaumu huyu kwa kutokuwa yule ni sawa na kumlaumu Bitchuka kwa kutokuwa Gurumo. Kila mtu na koo lake, bwana.

Tatizo liko kwingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ziara za mwaka 2005 na 2006 zilikuwa siku mbili za ugeni: Rodgers alikaribishwa, akaimba nyimbo za wenyeji, naye akawaimbisha zake. Albamu ndiyo siku ya tatu. Je, alipewa jembe? Nasema alipewa, ila alipelekwa kwenye shamba lililokwisha vunwa. Tuchukue "Still Burnin'". Wimbo unasisitiza kwamba moto bado unawaka, halafu katikati ya safari unaazima mdundo wa "We Will Rock You" kama ushahidi. Moto unaowaka hauhitaji cheti! "Cosmos Rockin'" nao unafungua albamu kwa shangwe ya rock ya kizamani ambayo bendi yoyote ya baa ingeimudu. Nyimbo zimeandikwa kwa majina ya wote watatu, lakini sikio linasikia kila mmoja akilima mstari wake: "Voodoo" ni Rodgers mtupu, na pale kiitikio kinapopanda kwa sauti nyingi, ni May anayekumbuka enzi zake. Hata jina la bendi linakiri hivyo. Ile alama ya kujumlisha katikati ni kizingiti ambacho mgeni hakukivuka.

Kwa upande wa maudhui, dhamira ni njema. "Warboys" inalaani vita, "We Believe" inahubiri maelewano, "C-lebrity" inawakejeli wanaosaka umaarufu wa televisheni. Lakini ni dhamira zisizo na mtu ndani yake. Unasikia hotuba; humwoni anayeumia.

Halafu, karibu na mwisho, unakuja "Say It's Not True". Taylor aliutunga kwa ajili ya 46664, kampeni ya Nelson Mandela dhidi ya UKIMWI iliyoanza mwaka 2003. Taylor anaanza kuimba, anampokeza May, May anampokeza Rodgers. Unaanza taratibu, kama watu wanaoongea chumba cha mgonjwa, kisha gitaa linapasuka. Hapa hakuna anayejaza nafasi ya mtu. Nafasi imeachwa wazi, na watatu wale wamesimama kuizunguka.

Wimbo huo niliusikilizia hapa Ilula, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, malori yanaposimama na abiria wananunua nyanya na vitunguu dirishani. Utafiti wa taifa wa mwaka 2007–08, wakati uleule albamu ilipokuwa ikitayarishwa, ulikuta mkoa wa Iringa, ambao bado ulikuwa na Njombe ndani yake, una maambukizi ya VVU ya asilimia 15.7 kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Kitaifa ilikuwa asilimia 5.7. Kwetu, kuomba uambiwe kwamba si kweli halikuwa pambo la kishairi. Tulizika tukisema ni kifua, tukazika tena tukisema karogwa. Freddie naye alitangaza ugonjwa wake siku moja tu kabla ya kufa. Remmy Ongala alilitamka jambo waziwazi katika "Mambo kwa Soksi", na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Wimbo wa Queen haufundishi kinga kama ule wa Remmy. Unakaa na mtu dakika ile anapopewa majibu. Tunazihitaji nyimbo za aina zote mbili.

Albamu ilifika nafasi ya 5 Uingereza, na mwaka 2009 Rodgers akaenda zake. May na Taylor baadaye walirudi majukwaani na Adam Lambert, lakini hawakuingia naye studio kutoa albamu ya nyimbo mpya. Nadhani waliujua ugumu wake. Bendi inaweza kubadili watu na ikaishi, Msondo ni shahidi, kwa kuwa Msondo ulikuwa na ndoa, talaka, ajali na mishahara ya wafanyakazi ya kuimbia kila mwaka. Bendi inayoimba ili kuthibitisha kwamba ingali hai huishia kupiga mwangwi wake. Bendi zetu kongwe zinazorudi na vijana wapya zilisikilize hilo. Kijana asipewe kaseti ya marehemu aigize. Apewe jambo la kuimba.