Kisu cha Sangara

Hakuna sangara wawili wanaofanana. Huyu kanona tumboni, yule kalala wavuni usiku kucha na nyama imeanza kulegea, mwingine uti wake umepinda kidogo. Mpasuaji wa Musoma huyajua hayo kabla hajakata. Humlaza samaki mezani, akapitisha kiganja ubavuni, kisha ncha ya kisu ikaingia nyuma ya pezi la kifuani na kushuka mpaka igonge uti wa mgongo. Hapo mkono unageuka. Kisu chembamba, chenye kunyumbuka, kinatambaa juu ya mfupa kuelekea mkiani, nacho kinatoa mlio mkavu wa kukwaruza. Mlio huo ndio anaoutaka, maana yake hakuna nyama inayoachwa nyuma. Akifika mbavuni hupunguza nguvu: mkono wa kushoto unanyanyua mnofu, wa kulia unakata kwa ncha tu. Bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki, hutolewa zima, kwani likitoboka bei inashuka. Kila kipande kinachosalia kwenye mapanki, yaani mifupa iliyokwisha kutolewa minofu, ni hasara kwa kiwanda na neema kwa mama muuza samaki wa kukaanga.

Sasa tazama waunda roboti wanavyohangaika kuufikia mkono huo. Unimate, roboti ya kwanza ya kiwandani, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors, New Jersey, ikinyanyua vyuma vya moto. Ilikuwa na nguvu, lakini kipofu. Kitu kikisogea kidogo, ilishika hewa. Ndiyo maana kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa alikuwa mtengeneza magari, ambaye mlango wake wa elfu moja ni sawasawa na wa kwanza. Kilichofungua soko ni macho: kamera, eksirei, na programu za kuamua kifanyike nini na kilichoonekana. Universal Robots ya Denmark ilianza mwaka 2008 kuuza mikono midogo inayofundishwa kwa kushikwa na kuongozwa, kama fundi na mwanagenzi wake. Siku hizi ipo hata roboti ya kukodi kwa saa. Mwaka 2023 viwanda duniani vilifunga roboti zaidi ya 540,000, zaidi kidogo ya nusu yake nchini Uchina.

Kwenye samaki, Marel, kampuni iliyoanzia Aislandi, ina mashine iitwayo FleXicut. Inaumulika mnofu kwa eksirei, inaitambua miiba midogo, kisha inaikata kwa maji ya presha. Naivulia kofia. Ila inapokea mnofu uliokwisha kutolewa. Sangara mzima, mwenye tumbo na kiburi chake, si mzigo wake.

Je, mashine kama hiyo itafika Musoma? Bei ni kikwazo, lakini kuna kikubwa zaidi. Mashine ya namna hiyo inataka kulishwa mfululizo, na viwanda vya Ziwa Victoria vimekuwa vikilia uhaba wa sangara kwa miaka. Siku mitumbwi ya Majita na Kibara inaporudi na samaki wachache, mwenye kisu hupasua hao wachache na bado kazi yake ni safi. Mtambo wa mamilioni usio na mzigo unakula deni tu.

Kwa hiyo ukinunua sangara Mwigobero, mjini Musoma, iwe wa nyumbani au wa kupeleka Bunda na Butiama, usimharakishe anayekupasulia. Simama utazame mkono wake wa kushoto.