Mtu Niliyemjenga Vibaya

Kwenye kibanda kimoja cha mchezo hapa Nakivale, upande wa Base Camp, kuna askari wa chuma ambaye mpaka leo hajafutwa kwenye mashine. Ni mhusika wangu katika mchezo wa Dark Souls. Ana upanga, ana ngao, amefika levo ya 41, na ana pointi 24 katika kitu kinachoitwa Resistance. Anayeujua mchezo huu, akifika hapo, ameshaanza kucheka. Acha acheke. Mimi mwenyewe nilichukua miezi kadhaa kuelewa kichekesho kiko wapi.

Nianze na mchezo wenyewe, maana wasomaji wengi wa gazeti letu wanaujua mpira wa PlayStation tu. Dark Souls ulitolewa mwaka 2011 na kampuni ya FromSoftware ya Japani, chini ya usimamizi wa Hidetaka Miyazaki. Ni mchezo wa mapanga na uchawi, katika nchi iliyochakaa ambako watu waliolaaniwa hawafi wakaisha. Ukiua adui unapata roho zake. Roho ndizo pesa yako: unanunulia vitu, na ukikaa kwenye moto wa kupumzikia unanunulia levo. Levo moja, pointi moja. Ukifa, roho zako zinabaki pale ulipoangukia, na una nafasi moja tu ya kurudi kuziokota. Ukifa tena njiani, zimekwenda.

Diski hiyo ilikuja Nakivale pamoja na mashine ya mitumba kutoka Kampala. Vijana wa mpira waliijaribu dakika kumi, wakafa mara sita, wakaitupa. Mimi nikaomba nichezee usiku, mechi zikiisha, kama betri ya sola bado ina chaji. Mwenye kibanda akakubali kwa sharti moja: nisiguse mipangilio ya mashine. Mashine ilikuwa imewekwa Kiingereza, na Kiingereza ikabaki.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Mimi nimesoma Bukavu, shule ya Kifaransa. Nilipofungua ukurasa wa kujenga mtu nilikuta maneno manane: Vitality, Attunement, Endurance, Strength, Dexterity, Resistance, Intelligence, Faith. Sasa wewe ndugu msomaji, kama umepita shule kama yangu, jaribu kuyasoma. Mengine yalikuwa giza. Strength sikuijua. Attunement hata leo siwezi kuitamka vizuri. Lakini Resistance nilikutana nayo kama mtu wa nyumbani. Résistance! Nani hapa asiyeijua? Ni kuvumilia, ni kukataa kuanguka. Katika kila semina tuliyokaa hapa kambini tumeambiwa kwamba hiyo ndiyo sifa yetu kubwa. Na Intelligence nayo ikanisalimia vilevile. Nikasema basi, mtu wangu atakuwa mvumilivu na mwenye akili.

Kumbe Intelligence katika mchezo huu ni ya wachawi. Kama huna fimbo ya uchawi na huna uchawi uliojifunza, karibu haikusaidii kitu. Askari wangu alikuwa na akili ya profesa na kazi yake ni kupiga panga. Na Resistance, nisikudanganye, karibu wachezaji wote wenye uzoefu watakuambia usiiguse. Inaongeza kinga kidogo sana ya mwili na ya moto, na inachelewesha sumu. Basi. Pumzi ya kupiga na kukwepa inatoka kwenye Endurance. Nguvu ya kubeba vyuma vizito nayo inatoka humohumo. Ukivaa vyuma vinavyopita nusu ya uwezo wako wa kubeba, mtu wako akijaribu kubingirika anaanguka kama gunia la mahindi, na kabla hajasimama ameshapigwa. Huyo ndiye alikuwa mtu wangu. Kati ya pointi 36 nilizomwongezea, 23 niliziweka mahali zisipofanya kazi. Na Dark Souls haina njia ya kuzirudisha. Michezo iliyofuata katika mfululizo huo iliweka njia ya kujipanga upya. Huu wa kwanza hauna. Ulichoweka umeweka.

Watu husema mchezo huu ni mgumu lakini ni wa haki. Nakubali nusu.

Ugumu wa vita ni wa haki kweli. Nichukue mfano wa mazimwi mawili yenye mabawa yanayolinda kengele juu ya paa la kanisa. Unapigana na moja, unamfikisha kama nusu ya uhai wake, unaanza kujisifu, halafu la pili linashuka. Mara ya kwanza nilipiga kelele kibanda kizima kikaamka. Lakini mara ya tano nilikuwa najua linashuka lini na linatema moto kutoka upande gani. Kosa la mkono linakuua, na kifo chenyewe kinakuonyesha ulipokosea. Unarudi, unarekebisha. Huyo ni mwalimu mkali, lakini anafundisha.

Kosa la pili halina mwalimu. Ni kosa la kalamu: ile pointi uliyoiweka ukiwa hujui. Haikuui siku hiyo. Unaendelea kutembea, unadhani wewe ni mzembe, unadhani vidole vyako ni vizito, kumbe mzigo umeubeba tangu mwanzo. Mchezo una maelezo mafupi ya kila neno, lakini maelezo yanakuambia Resistance inaongeza nini, hayakuambii kwamba nyongeza yenyewe ni ndogo kiasi gani. Mchezaji wa Ulaya au Marekani anajua kwa sababu anafungua intaneti na kusoma walioteseka kabla yake. Hata ndani ya mchezo wenyewe, ukiwa na mtandao, unaona maandishi waliyoacha wengine sakafuni: hapa kuna shimo, hapa kuna hazina. Kibanda chetu hakikuwa na mtandao, kwa hiyo sakafu yetu ilikuwa tupu.

Miyazaki amewahi kueleza kwamba utotoni alikuwa anasoma vitabu vya hadithi vya Kiingereza vilivyomzidi, na pale asipoelewa alikuwa anajaza kwa mawazo yake. Mchezo wake umejengwa hivyo: hadithi imevunjwa vipande na wewe unaiunganisha. Kwa upande wa hadithi napenda sana njia hiyo. Nani alijenga lile kanisa, kwa nini mfalme aliondoka, hayo nikiyajaza kwa kichwa changu simuumizi mtu. Lakini kujaza kwa mawazo maana ya Resistance kuliniumiza mimi. Kuna pengo linaloalika msomaji ndani, na kuna pengo linalomvunja mguu. Dark Souls inayachanganya, na wanaousifu mchezo huu mara nyingi wanayasifu yote mawili kwa pamoja.

Basi tulifanya nini? Tulifungua daftari. Vijana wadogo waliokuwa wananitazama nikifa walianza kuandika. Ukurasa mmoja wa maadui, ukurasa mmoja wa maneno, ukurasa mmoja wa ajali. Ajali ya kwanza iliyoandikwa ni ya mfanyabiashara. Kuna mzee mmoja aliyekaa kwenye roshani ya ule mji wa mwanzo, anauza mishale na vitu vidogo vidogo. Nilimpa padi kijana mmoja wa miaka kumi na mbili, akaenda mpaka kwa mzee akabonyeza kitufe cha kupiga. Mzee akakasirika, wakapigana, mzee akafa. «Yaya, nilikuwa namusalimia tu!» Tukazima mashine haraka, tukawasha tena. Mzee hayupo. Mchezo unajihifadhi wenyewe kila wakati, haukusubiri ukiwa umetubu. Kijana alikaa kimya mpaka tukafunga. Kwenye daftari ameandika kwa mkono wake: usisalimie kwa kitufe cha kulia.

Ajali ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Chini ya mji kuna mitaro ya maji machafu, na humo kuna viumbe kama vyura wenye macho makubwa ya uongo. Wanatema moshi. Moshi ukikujaa unageuka jiwe, unakufa, na ukiamka uhai wako umekatwa nusu. Unabaki hivyo mpaka laana iondolewe. Mimi niliingia kifua mbele. Nilisema kama kuna mtu amejengwa kwa ajili ya laana ni mimi, Resistance yangu ni 24. Nikageuka jiwe pale pale.

Tulikuja kuelewa baadaye, kwa kuhesabu namba kwenye kioo, kwamba Resistance haizuii laana hata kidogo. Kinachoongeza kinga ya laana, ukiacha vifaa unavyovaa, ni kile kinachoitwa Humanity. Sisi kwenye daftari tulikiandika Utu. Ni vitu vidogo vyeusi unavyookota, unavitumia, na hesabu yake inakaa kwenye kona ya kioo. Utu ndio unaokurudishia sura ya mtu ukiwa umeoza. Na ukiwa na sura ya mtu, ndipo unapoona alama sakafuni ya wale wanaoweza kuja kukusaidia. Hata bila mtandao wako wachache wa mchezo wenyewe. Kabla ya yale mazimwi ya kengele yuko askari mmoja, Solaire, mwenye jua limechorwa kifuani. Ukiwa mfu huioni alama yake. Mimi nilipigana na yale mazimwi siku tisa peke yangu, kwa sababu Utu wangu wote niliuweka akiba.

Niseme sasa jambo la nyumbani. Tulipofika Uganda nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekuja na mama mdogo na watoto wake. Kwenye foleni ya kuandikishwa mtu mmoja akaniambia: ukisema wewe ni mkubwa utapata kadi yako na kiwanja chako. Nilisikia kadi yako. Lilikuwa neno ninaloweza kulisoma. Nikasema nina miaka kumi na tisa. Aliyekuwa anaandika aliniuliza mara mbili, nami nikajibu mara mbili. Nikawa familia ya mtu mmoja. Miaka ilipita, faili la mama mdogo likaitwa kwa safari, na langu lilikuwa faili lingine. Nilikwenda kueleza. Niliombwa cheti cha kuzaliwa, na cheti kilibaki Bukavu. Mama mdogo ananipigia Jumapili. Watoto wake sasa wananijibu Kiingereza.

Sisemi mchezo ni maisha. Tofauti yao naijua, na ni kubwa. Katika Dark Souls hakuna mtu aliyejengwa vibaya kiasi cha kushindwa kabisa. Levo ni ghali zaidi kila ukipanda, lakini mlango haufungwi: roho moja uliyoipata leo ina thamani ileile kwa aliyejijenga vizuri na kwa aliyekosea. Kuna watu wanaumaliza mchezo huu bila kupanda levo hata moja, kwa mkono tu. Askari wangu alipiga ile kengele na pointi zake 23 za hasara mgongoni. Ndiyo maana nasema mchezo ni mkali lakini hauna kinyongo. Kosa linakaa kwenye ukurasa wako, halafu unaruhusiwa kuandika mbele yake. Mahali pengine nimeona kosa linakaa, na ukurasa unafungwa.

Mwaka jana nilianza upya na mtu mwingine, yule anayeitwa Deprived. Hana vyuma. Ana rungu, kipande cha ubao kama ngao, na kitambaa kiunoni. Vijana walipomwona kwenye kioo walipiga makofi: «Yaya, huyu njo sisi kabisa!» Tulicheka sana. Lakini mhakiki asidanganyike na kicheko. Deprived anaanza levo ya 6 na pointi 11 kila mahali, na watu husema asiye na kitu anaweza kuwa chochote. Ni kweli, kama ameshajua anataka kuwa nini. Mimi nilimjenga vizuri kwa sababu nilikuwa na daftari, na daftari liliandikwa kwa vifo vya yule askari wa kwanza. Ningeanza na Deprived siku ya kwanza, ningemjaza Resistance yeye pia, na akiwa uchi.

Kwa hiyo askari wangu simfuti, ingawa mwenye kibanda anasema anakula nafasi. Vijana wapya wakija usiku wakitaka kucheza, naweka daftari mezani na kuwafungulia ukurasa wake wa kwenye mashine wauone. Halafu nafungua mtu mpya, maneno manane yanatokea, nao wanataka kubonyeza haraka. Naishika padi kwanza. Nawauliza ni neno gani wanadhani wanalijua.