Moyo, Nafsi na Roho: Juu ya Tafsiri Mbili za Al-Inkishafi

Utungo wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, umepata bahati ya kufasiriwa zaidi ya mara moja katika Kiingereza. William Hichens aliutoa London mwaka 1939, na James de Vere Allen akautoa Nairobi mwaka 1977. Kila mmoja aliuongezea jina la Kiingereza. Majina hayo yakirudishwa katika Kiswahili, la Hichens ni Kuamka kwa Roho, na la Allen ni Katekisimu ya Roho. Kazi za wataalamu hawa zastahili shukrani, kwani zimewafikishia utungo huu wasomaji wasioijua lahaja ya Kiamu. Lakini katika majina yote mawili imo kasoro moja isiyo ndogo: anayesemeshwa na mshairi si roho, bali ni moyo wake.

Mshairi auonya moyo wake usidanganywe na dunia, kisha auonyesha Pate iliyoanguka. Majumba yaliyokuwa na taa za fahari sasa yakaliwa na popo. Vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vya kaure vimekuwa viota vya ndege. Wako wapi wenyewe? Swali hilo haliulizwi ili kupata habari za wafu, bali ili moyo ulio hai ujitambue.

Tofauti ya moyo na roho si ya mapambo. Katika Kiswahili roho hukatwa, na mtu akafa. Moyo huvunjwa, na mtu akaishi bila ya hamu. Mtu hutiwa moyo, wala hatiwi roho. Nafsi nayo ndiyo imsutayo mkosaji hata pasipo shahidi. Basi nafsi ni msutaji, na moyo wa Al-Inkishafi ni msutwa. Mfasiri akiyatia maneno haya yote katika kapu moja, atampoteza mshitaki na mshitakiwa pamoja.

Sarufi yenyewe yaunga mkono jambo hili. Neno moyo huchukua kiambishi u-, na nafsi ya pili ya umoja huchukua u- vilevile. Neno kama “umeghafilika” laweza kuwa habari ya moyo, na laweza kuwa lawama kwa wewe usikiaye. Ni pale tu moyo unapotendwa ndipo njia zinapoachana: “nauonya” ni kuonya kitu, “nakuonya” ni kuonya mtu. Mshairi anayeusemesha moyo kwa nafsi ya pili aupandisha kutoka daraja ya kitu hadi daraja ya mwenzi, na lugha yamsaidia kupanda bila ya kujikwaa. Kiingereza hakina ngazi hiyo.

Huenda mtetezi wa wafasiri akaleta hoja ya Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihya, Ghazali aeleza kwamba moyo, roho, nafsi na akili kila kimoja kina maana yake, na kwamba yote manne hukutana katika maana moja ya ndani, yaani ule ukweli wa mwanadamu usioonekana kwa macho. Ikiwa ndivyo, kuna kosa gani kuuita moyo roho? Hoja ni nzito, lakini haitoshi. Ghazali aliyatenganisha maneno kwanza, ndipo akaonyesha yanapokutana. Wafasiri wameyakutanisha kabla ya kuyatenganisha. Tena walioifasiri Biblia katika Kiswahili, kwa chapa ya mwaka 1952, waliandika nafsi pale Zaburi ya 42 inapojisemesha. Neno nafsi limo katika Kiswahili na katika dini ya mshairi, lakini wa kuitwa kwake ni moyo.

Jambo hili lapita mipaka ya utungo mmoja. Imekuwa desturi kuzigawa falsafa za nafsi mafungu mawili. Upande mmoja huwekwa Descartes, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1637 asimulia alivyojitenga katika chumba chenye joto la jiko, na ambaye hatimaye aliiona fikira yake mwenyewe kuwa hakika ya kwanza. Upande wa pili huwekwa John Mbiti, aliyeandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika yupo kwa kuwa wenzake wapo. Al-Inkishafi haikai katika fungu lolote. Mshairi yu peke yake, lakini ndani yake mna wawili. Na wawili hao hawajijui kwa kujifungia chumbani, bali kwa kusimama katika magofu ya watu wengine. Kiswahili chenyewe hakisifu nafsi ijitazamayo tu: “kujiona” ni kiburi, na “ubinafsi” ni choyo.

Inkishafi maana yake ni kufunuka. Mfasiri ajaye na auache moyo uitwe moyo, hata kama msomaji wa Kiingereza atashangaa kidogo. Mshangao huo ndio mlango wa kuingilia. Aliyeuziba kwa neno alizoealo msomaji ameufunika utungo uliotungwa ili kufunua.