Masafa na Mtandao: Istilahi Mbili Zilizochanganywa

Mikutano ya vyuo vikuu kuhusu kufundisha na kujifunza kwa kutumia teknolojia si jambo geni tena katika Afrika Mashariki. Mkutano wa bara zima ujulikanao kwa jina la eLearning Africa ulifanyika Nairobi mwaka 2007, Dar es Salaam mwaka 2011 na Kampala mwaka 2014, kisha ukarudi Dar es Salaam mwaka 2025. Vyuo vyenyewe navyo huitisha mikutano yao. Hatukusudii kuzihukumu mada zinazotolewa huko. Tunakusudia kuchunguza istilahi zinazotoka katika mikutano hiyo na kuingia katika nyaraka na matangazo yetu ya Kiswahili.

Kasoro iliyo dhahiri ni kwamba "elimu masafa", "elimu mtandao", "elimu pepe" na "elimu ya kidijitali" hutumiwa kana kwamba ni visawe. Mfasiri mmoja huchagua hii, mwenzake ile, na pengine zote nne hukutana katika waraka mmoja. Lakini masafa ni umbali: neno hili hueleza mwanafunzi yuko wapi akilinganishwa na mwalimu wake. Mtandao, neno lenye asili katika kitenzi "tanda", hueleza njia inayopitisha ujumbe. La kwanza hujibu swali la mahali. La pili hujibu swali la chombo.

Historia inathibitisha tofauti hiyo. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946: hapo palikuwa na masafa bila mtandao wowote wa kompyuta. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 nchini Tanzania iliwakusanya watu wazima katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana pamoja na kiongozi wao. Hiyo ilikuwa elimu kwa teknolojia, nayo ilitolewa kwa Kiswahili, bila kompyuta hata moja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliwafikia wanafunzi wa mikoani kwa vitabu vilivyochapwa. Kinyume chake, mwanafunzi wa leo anayeketi katika maktaba ya Mlimani, akafungua maelezo ya mhadhiri aliye jengo la pili, anautumia mtandao ingawa masafa hayapo.

Huenda msomaji akaona kwamba tunabishana juu ya maneno matupu. Na atazame tangazo hili la kawaida: "Mtihani utafanyika kwa njia ya mtandao." Mwanafunzi aliyeko Sumbawanga ataelewa kwamba aweza kuufanyia nyumbani. Mwenzake ataelewa kwamba sharti asafiri hadi kwenye chumba cha kompyuta chuoni. Wa tatu hatajua kama wote wataanza saa moja au kila mtu kwa wakati wake. Wote watatu wanajua Kiswahili. Tangazo ndilo lisilosema. Atakayekosa mtihani kwa sababu hiyo ataandikiwa kwamba hakufika, wala hakuna atakayemwandikia mfasiri lolote. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, haja ya kuyaeleza mambo haya bila utata ilionekana wazi.

Wako wasemao kwamba matumizi ya watu ndiyo huamua, wala si mabaraza. Tunakubali kwa kiasi. Mpishi hupakua chakula chunguni, wachukuzi hupakua shehena melini. Aliyehamishia faili kwenye kompyuta yake akapewa kitenzi hicho hicho, na wasemaji wakakipokea. "Kishikwambi" nacho kilizoeleka zaidi wakati wa Sensa ya mwaka 2022, pale makarani walipokishika chombo chenyewe mikononi. Lakini maneno hayo yalifaulu kwa kuwa kila moja, mahali pake, lilionyesha kitu kimoja. "Mtandao" umeachwa utande bila mpaka.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, "elimu masafa" itumiwe pale tu mwalimu na mwanafunzi wanapotengana kwa mahali, chombo chochote kitumikacho. Pili, "kwa mtandao" itaje njia peke yake, na mwandishi alazimike kuongeza mahali na wakati: nyumbani au chuoni, kwa pamoja au kila mtu kwa saa yake. Tatu, "pepe" ibaki katika barua pepe, ambako imekwisha kuzoeleka, maana katika elimu haiongezi maana yoyote ambayo maneno mengine hayana.

Waandaaji wa mikutano nao hawana budi kutayarisha orodha ya istilahi za Kiswahili kabla ya wajumbe kuwasili, wala si baada ya kuondoka. Orodha hiyo ipimwe kwa kipimo kimoja: je, mwanafunzi akisoma tangazo lililoandikwa kwa maneno hayo, atajua aende wapi, saa ngapi, na achukue nini?