Kahawa Iliyopigwa na Kusi

Wapimaji wengi wa kahawa hutafuta kwanza uchachu. Wakiuonja ule ukali mwembamba wa ndimu, kama katika kahawa bora za Nyeri au Yirgacheffe, alama hupanda. Wakiukosa, husema kikombe kimelala. Monsooned Malabar ya India huangushwa na kipimo hicho kila mara, nami naona kasoro iko kwenye kipimo. Kahawa hii imeundwa ili uchachu usisikike. Kuishusha hadhi kwa kukosa kitu ambacho watengenezaji wake walikiondoa makusudi ni kuliita guni shairi ambalo mtunzi hakulikusudia liwe na vina.

Kazi hiyo ya kuondoa huchukua miezi. Buni ya arabika iliyoanikwa na maganda yake, ikishakobolewa, hutandazwa kwenye maghala yaliyo wazi ubavuni, katika pwani ya magharibi ya India, hasa Mangalore, kuanzia Juni hadi Septemba. Huo ni msimu wa kusi, upepo uleule uliopeleka majahazi ya Lamu na Unguja hadi Malabar. Ukishavuka ikweta hupinda kuelekea kaskazini mashariki na kuingia India na mvua zake. Buni hunyonya unyevu, hufura, na ukijani wake huchujuka hadi kufanana na majani makavu. Watu huigeuza kwa reki, kisha huitia kwenye magunia yanayopangwa kwa nafasi ili upepo upite.

Zamani hakuna aliyefanya hivyo kwa kukusudia. Meli za matanga zilizopeleka kahawa hii Ulaya zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi, na buni ikabadilikia humohumo ndani ya meli. Meli za mvuke na Mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869, zilipofupisha safari, wanywaji wa Ulaya wakaikosa ladha waliyoizoea. Ndipo ghala likapewa kazi ya meli. Naiheshimu sana hatua hiyo: madhara ya safari yamefanywa ufundi wenye kanuni.

Espreso ndiyo inayolifichua umbo la kahawa hii vizuri zaidi. Kwa gramu 18 za unga nilikamua takriban gramu 36 za kinywaji katika sekunde zisizozidi 30, kwa maji ya nyuzi 93. Punje hizi ni nyepesi kwa ujazo wake, maji huzipita upesi, kwa hiyo nilisaga laini kuliko kawaida. Povu hutoka nene, la rangi ya hudhurungi, na hukaa. Lisikudanganye. Povu hutokana na gesi ya kaboni dioksidi iliyobaki baada ya kukaanga. Linaeleza upya wa ukaangaji kuliko ubora wa buni. Uzito ndio wa kutazamwa. Kahawa hulala ulimini kama kitu kizima, haina ncha, na harufu ya viungo na mbao kavu inapanda taratibu. Baada ya kumeza hubaki ladha ya kakao chungu na tumbaku, nayo hudumu.

Katikati ndiko kwenye udhaifu. Kati ya mguso wa kwanza na ladha ya mwisho hakuna linalotokea; funda halina mgeuko, na hilo silihesabu kuwa mtindo. Kukaanga hadi mafuta yatoke juu ya punje huzidisha tatizo, kwa sababu uchungu wa moto huziba hata kile kidogo kilichokuwepo. Ukaangaji wa wastani huiacha karanga isikike hapo katikati, na kikombe kinapata hatua ya pili.

Kuna pia mpaka kati ya harufu iliyokusudiwa na buni iliyoharibika. Kiache kikombe kipoe kabla ya kutoa alama. Mzigo uliosimamiwa vizuri hubaki na harufu ya mbao na pilipili manga. Uliozembewa hunuka gunia bichi na kuvu, na huo haustahili kutetewa kwa jina la mila.

Kwa kahawa ya chimbuko moja, bei yake inafikika, na thamani hiyo huonekana zaidi kwenye maziwa. Kahawa nyingi ghali zenye uchachu huchujuka zikikutana nayo, au hugongana nayo. Hii hubaki nzima, na kwa mtu anayetaka espreso ya maziwa kila asubuhi bila kuumiza mfuko, ningeichagua kabla ya nyingi zilizoipita kwa alama.