Zege Halilali

Siku ya kumwaga slabu huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Mashine inanguruma, vibarua wamejipanga kwenye ngazi ya mbao, karai linapita mkono kwa mkono, na huko juu fundi mkuu anafoka kila akiona mtu kanyoosha mgongo. Zege halilali, husema mafundi wa Dar es Salaam. Likishakorogwa, limekorogwa, ukilichezea litakugandia ndani ya toroli. Msemo umetoka saiti ukaingia mitaani, na siku hizi hata kijana anayesitasita kwenda kuposa huambiwa hivyohivyo. Mimi ulinijia mahali nisipoutazamia, mbele ya picha ya jengo la Kharkiv.

Picha ilikuwa katika maonyesho ya usanifu wa kisasa wa Ukraine, yale yanayohama mji hadi mji: mabango ya kukunja, vielelezo vichache vya kadibodi, mzigo wa gari moja dogo. Jengo lenyewe ni Derzhprom, lililojengwa kati ya 1925 na 1928, wakati Kharkiv ilipokuwa mji mkuu wa Ukraine ya Kisovieti, kwa michoro ya Serafimov, Kravets na Felger. Ni minara ya zege na vioo iliyojipinda kuufuata uwanja wa duara, na juu kabisa ya vichwa vya wapita njia kuna madaraja yanayoshika mnara huu na ule, ili karani asiteremke barabarani kuifuata ofisi ya pili. Ukiitazama unadhani ni kazi ya makreni. Wapi! Sehemu kubwa ilikwenda kwa beleshi na toroli, kwa zamu, mchana na usiku. Na huko kuna baridi ya kugandisha mito. Maji yaliyomo katika zege bichi yakigeuka barafu kabla halijashika, kazi yote ni hasara. Waliomwaga zege lile walikuwa wanashindana na kitu ambacho fundi wa Kariakoo hajawahi kukiota.

Wasomi wetu waliopelekwa Chuo Kikuu cha Kharkiv wanaijua minara hiyo, maana chuo kiko kwenye uwanja huohuo. Jengo lilivuka Vita Kuu ya Pili. Tarehe 28 Oktoba 2024 lilipigwa na bomu la Urusi lililodondoshwa na ndege, na wakati huo lilikuwa tayari limewekwa na UNESCO chini ya ulinzi maalumu.

Nina ugomvi mdogo na maonyesho ya namna hii. Picha ni nzuri kupita kiasi: mbingu ya kijivu, ukuta wa kijivu, wala hapana mtu. Utadhani majengo yaliota kama uyoga. Lakini zege, tofauti na jiwe au tofali, halina umbo lake. Linapewa na seremala. Yeye ndiye anayejenga kwanza nyumba nzima ya mbao, mishipa yake ikiwa nje na utupu ndani, akijua kwamba baada ya siku chache itavunjwa na hakuna atakayemkumbuka. Zege humkumbuka. Ubao ukiwa na jicho, jicho litabaki ukutani; kiungio kikiwa na mwanya, uji utavuja na kuacha mstari. Sogea karibu na picha nzuri ya ukuta usiopigwa lipu, utauona msitu uliokatwa ili ukuta huo uzaliwe.

Kyiv wana jengo wanaloliita Sahani. Limekaa penye uwanja wa Lybidska kama kitu kilichotua jana. Lilikamilika 1971, na mmoja wa wasanifu wake, Florian Yuriev, alikuwa pia mchoraji na fundi wa kuunda fidla. Hilo la fidla ndilo lililonishika. Ukumbi ulio ndani ya Sahani aliuwazia kuwa mahali pa muziki wa sauti na rangi kwa pamoja, na ukishajua hivyo huwezi tena kuliona paa lile kama mbwembwe: ni tumbo la chombo. Mtu aliyezoea kuchonga ubao mpaka uimbe alikabidhiwa zege akalifanyia yaleyale. Alipokaribia miaka 90 ilimbidi atoke kulitetea, kwa sababu kulikuwa na mpango wa kulimeza ndani ya jengo la maduka. Akafariki 2021, Sahani ikiwa bado imesimama.

Lakini bango nililolirudia mara tatu halikuwa na jengo. Lilikuwa na ukuta.

Penye tanuri la kuchomea maiti la Kyiv, kazi ya msanifu Avraham Miletsky, mke na mume wasanii, Ada Rybachuk na Volodymyr Melnychenko, walipewa ukingo wa kilima wauvishe. Waliuanza 1968. Walisuka nondo kwanza, kama mtu asukavyo mgono wa samaki, wakazipinda mpaka zikawa bega, bawa, mama na mtoto, kisha wakazijaza zege. Mita 213 za ukuta. Miaka 13. Mpango ulikuwa kuzitia rangi sanamu hizo, na chini yake liwepo ziwa la kuziakisi, ili mfiwa atembee kando ya maji huku akiutazama uhai. Sijui kama kuna taazia ya namna hiyo kwingine. Kwetu mfiwa hupewa mkono, kahawa na watu wa kukaa nao mkekani, na pale, mahali ambapo dola haikutaka dini isikike, watu wawili walijaribu kuyafanya hayo kwa saruji.

Mwaka 1982 wakubwa waliamua kwamba kazi hiyo haiendani na sanaa ya kijamaa. Hawakuivunja. Walileta malori, wakasimamisha mbao mbele ya sanamu, wakamwaga zege juu ya zege mpaka ukuta ukawa ukuta tu. Fikiria mafundi wa siku ile. Wao pia walikuwa na seremala, nondo, zamu, na msimamizi wa kuwafokea wasichelewe, kwa kuwa zege halilali. Ujuzi ni uleule kabisa, na hilo ndilo lililonifanya nisimame pale mpaka mlinzi akaanza kuzima taa.

Ada alifariki 2010. Mwaka 2018 Melnychenko, mzee tayari, alirudi na watu wa kumsaidia, wakalibandua zege la juu kwenye kipande kimoja. Katika picha vumbi ni jeupe kila mahali na sanamu inachungulia kutoka kwenye shimo, haina rangi, ina makovu ya nyundo. Ziwa halimo. Mita nyingi zilizobaki bado zimo humo ndani.